Matembezi Yanayoishia Darajani: Maoni Kuhusu Fasihi, Majina ya Mitaa na Uongozaji wa Wageni Mjini Zanzibar

Utangulizi

Makala haya yanazungumzia jambo ambalo kwa kawaida halihesabiwi kuwa la wanaisimu wala la wahakiki wa fasihi, nalo ni matembezi ya kuongozwa katika Mji Mkongwe wa Zanzibar. Wataalamu wa Kiswahili tumeliacha jambo hili mikononi mwa idara za utalii, wasanifu majengo na wafanyabiashara, kana kwamba mtu anapowachukua wenziwe kumi, akawapitisha vichochoroni na kuwaeleza majina ya mitaa, watu walioishi humo na yaliyowapata, hafanyi kazi ya lugha. Ukweli ni kwamba anafanya kazi ya lugha tangu hatua ya kwanza hadi ya mwisho. Anateua, anafasiri, anasimulia na ananyamaza. Na kunyamaza nako, kama tujuavyo, ni sehemu ya usemi.

Dai la makala haya ni kwamba matembezi yoyote yatakayojinasibu kuwa ya kifasihi mjini Zanzibar hayana budi kuvuka Darajani na kuingia Ng'ambo, na hayana budi kuwa na masimulizi yake kamili kwa Kiswahili. Yakiishia Darajani, kama yalivyozoea kuishia, huikata fasihi ya Kiswahili ya mji huo vipande viwili, kisha huonyesha kipande kile ambacho wengi wa waandishi wake hawakukifanya kuwa kiini cha kazi zao.

Wakati wa kulizungumza hili ni sasa. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Oktoba 2021 Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1948, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, na mwaka 2022 riwaya yake ya Paradise (1994) ikatoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Novemba 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Mgeni aliyekuja zamani kwa ajili ya bahari na karafuu sasa ana sababu ya kuuliza juu ya waandishi. Jibu atakalopewa leo ndilo litakaloingia katika vitabu vya kesho, na hatutakuwa na wa kumlaumu ikiwa halitakuwa jibu letu.

Neno "kutembeza"

Yafaa tuanze na neno lenyewe. Kitenzi tembea kikinyambuliwa katika kauli ya kutendesha huwa tembeza, nacho kina matumizi yasiyopungua matatu katika mazungumzo ya kila siku. Mwenyeji humtembeza mgeni wake, yaani humwonyesha mji. Mchuuzi hutembeza samaki au vitumbua, yaani huvipitisha mlango kwa mlango akitafuta mnunuzi. Na mtu aliyeishiwa husemwa kuwa anatembeza bakuli. Katika matumizi ya kwanza kinachotembezwa ni mtu, na lengo ni kumpa heshima yake. Katika ya pili ni bidhaa, na lengo ni bei. Katika ya tatu ni umaskini wenyewe.

Utalii umeyaunganisha matumizi ya kwanza na ya pili kiasi kwamba ni vigumu kuyatenga: mgeni hutembezwa mjini, na papo hapo mji hutembezwa kwa mgeni. Lugha ya mitaani ililitambua hilo zamani. Vijana wasio na leseni wanaowaandama watalii huitwa papasi, jina la mdudu anyonyaye damu. Ni jina kali, na haliwatendei haki vijana wote wanaoitwa hivyo, lakini linathibitisha kuwa wenyeji walikuwa na nadharia yao ya utalii kabla sisi hatujaandika yetu.

Sikusudii kumlaumu mwongozaji. Huyu ni mtu aliyejifunza Kiitaliano, Kijerumani au Kifaransa kwa juhudi ambayo wahadhiri wengi hatuna, na ambaye chakula cha watoto wake hutegemea mgeni aridhike. Husimulia alichofundishwa na alichokisoma, na kwa sehemu kubwa alichokisoma kimeandikwa kwa lugha za kigeni, na watu waliovutiwa na mawe, kwa ajili ya wasomaji wa ng'ambo ya bahari. Kwa upande wetu tumeandika mengi juu ya riwaya na ushairi wa Zanzibar, lakini tumeyaweka mahali ambapo mwongozaji hafiki.

Njia ya kawaida na inachokiacha

Matembezi ya kawaida yanajulikana. Huanza Forodhani, yakapita Ngome Kongwe na Jumba la Ajabu, lililojengwa mwaka 1883 katika enzi ya Sayyid Barghash na ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Huingia Shangani, ambako tangu mwaka 2019 pana makumbusho ya Freddie Mercury, mwimbaji aliyezaliwa Unguja mwaka 1946. Hutaja habari za Sayyida Salme, ambaye kumbukumbu zake zilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Husimama mbele ya milango ya nakshi. Hufika Mkunazini, kwenye kanisa lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, soko lililofungwa mwaka 1873. Kisha hutokea kwenye soko la Darajani, wageni wakanusa viungo, wakanunua, na safari ikafungwa.

Hakuna kituo hata kimoja kati ya hivyo kisichostahili kutembelewa. Lakini mwanaisimu akiyasikiliza masimulizi hayo hugundua jambo moja. Salme aliandika kwa Kijerumani, Mercury aliimba kwa Kiingereza, na Gurnah, ambaye siku hizi jina lake huongezwa, huandika kwa Kiingereza. Katika matembezi niliyowahi kuyafuata sikusikia likitajwa jina la mwandishi hata mmoja aliyeandika kwa Kiswahili, katika mji ambao lahaja yake ndiyo iliyofanywa msingi wa Kiswahili sanifu. Mgeni huondoka akidhani kwamba Zanzibar ni mahali panapoandikwa na watu waliokwisha kuondoka.

Mfano wa Mkunazini unatosha kueleza ninachokusudia. Habari ya soko la watumwa ni lazima isimuliwe hapo, na isimuliwe kwanza. Hata hivyo, kanisa hilo lilijengwa katika miaka ya 1870 chini ya usimamizi wa Askofu Edward Steere, ambaye mwaka 1870 alikuwa amechapisha kitabu cha sarufi ya Kiswahili kama kilivyosemwa Unguja, pamoja na mkusanyiko mkubwa wa hadithi alizosimuliwa na watu wa mji huo. Kazi za wamisheni wa Zanzibar zilikuwa miongoni mwa hoja zilizoipa Kiunguja nguvu wakati mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipoichagua kuwa msingi wa usanifishaji, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi. Uamuzi huo uliwaudhi wengi, hasa wapenzi wa Kimvita na hazina yake ya ushairi, na ubishi wake haujazimika. Kila mtoto aliyesoma kwa Kiswahili kutoka Mtwara hadi Kisumu amefikiwa na matokeo yake. Mwongozaji anayesimama Mkunazini bila ya kulitaja hilo amesimama penye mojawapo ya chimbuko la lugha yake mwenyewe asijue, na kutojua huko ni matokeo ya uzembe wetu.

Majina ya mitaa kama matini

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, matini ya kwanza ya mji huu ni majina ya mitaa yake. Majina haya hayahitaji tiketi wala ruhusa ya mwenye nyumba, na yana sarufi inayozungumza. Mkunazini ni mahali penye mkunazi, nao ni mmoja. Michenzani palikuwa na michenza, nayo ilikuwa mingi. Kikwajuni palikuwa na kikwaju, yaani mkwaju mdogo, kwa kuwa ngeli imebadilishwa ili kudunisha umbo. Ramani ya miti iliyokwisha kukatwa imehifadhiwa katika viambishi awali, na kiambishi tamati -ni kimetuwekea mahali ilipoota.

Anayezoea kanuni hiyo hukutana na Kajificheni akateleza. Hapa -ni si ya mahali. Ni ile -ni ya kuwaamrisha watu zaidi ya mmoja, na ka- iliyotangulia inaashiria kwamba wanatakiwa waende kwanza ndipo watende. Jina la mtaa ni amri nzima: nendeni mkajifiche. Nani aliwaambia nani wajifiche, na wajifiche nini, kila mwongozaji ana kisa chake, na visa hivyo ni fasihi simulizi hai inayostahili kurekodiwa kama ilivyo badala ya kutafutiwa kisa kimoja "sahihi".

Yapo pia majina ambatani yaliyodondosha kihusishi cha umilikishi. Sokomuhogo ni soko la muhogo. Kisiwandui ni kisiwa cha ndui, na jina hilo peke yake limebeba kumbukumbu ya maradhi na ya watu waliotengwa. Kisimamajongoo ni kisima cha majongoo, ingawa mgeni aliyejifunza Kiswahili vitabuni huweza kulikata vibaya akamwona jongoo aliyesimama. Kosa kama hilo huchekesha, lakini lina funzo: mahali pa kukata neno hapajulikani kwa kamusi peke yake, hujulikana kwa kuijua historia ya mahali.

Jina lenye uzito kuliko yote ni Ng'ambo. Neno hili halitaji mti, kazi wala mtu. Ni neno la uelekezi. Maana yake haikamiliki mpaka tujue aliyelitamka amesimama wapi. Ng'ambo ni ng'ambo kwa yule tu aliyesimama kwenye rasi, upande wa majumba ya mawe, akatazama mashariki kuvuka hori lililoutenga mji na kisiwa. Hori hilo lilifukiwa kidogo kidogo, daraja likabaki katika jina la Darajani tu, na watu waliokaa upande wa pili, ambao kwa karne ya 20 walikuwa wengi, waliendelea kuitwa kwa mahali alipokuwa amesimama mtu mwingine. Jina la Mji Mkongwe nalo limezidisha umbali huo. Kivumishi -kongwe kimeupa upande mmoja umri na heshima ya mzee, na kimeufanya wa pili uonekane mpya, hali ya kuwa Ng'ambo nayo ilikuwa na wakazi wake, misikiti yake na ngoma zake tangu karne ya 19. Tofauti kubwa ni kwamba nyumba za Ng'ambo zilijengwa kwa miti, udongo na makuti. Wahifadhi wamehifadhi jiwe kwa kuwa jiwe ndilo lililosalia.

Fasihi iliyozaliwa katika kuvuka

Tukiyageukia maandishi, tunaona kwamba riwaya ya Kiswahili ya Zanzibar haikukubali kuishia Darajani. Katika Vuta N'kuvute ya Adam Shafi (1999), Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa mume mzee asiyempenda, huikimbia nyumba ya ndoa na kupata hifadhi Ng'ambo kwa Mwajuma. Kila kitu kinachofuata, mapenzi, siasa za kupigania uhuru na mabadiliko ya nafsi yake, kinatokana na kuvuka huko. Barabara ile ambayo mtalii huambiwa kuwa ndiyo mwisho wa ziara ndiyo mwanzo wa riwaya. Hadithi hii imefika hata kwenye sinema kwa filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021, na bado mgeni aliyeitazama akifika mjini hana wa kumwonyesha njia ya Yasmin.

Kuli (1979), ya mwandishi huyo huyo, inatupeleka Malindi na bandarini, kwa wachukuzi waliogoma mwaka 1948. Haini (2003) inaingia gerezani, katika miaka ya hofu iliyofuata kuuawa kwa kiongozi wa nchi; na msomaji ajuaye kwamba Mzee Abeid Amani Karume aliuawa Kisiwandui tarehe 7 Aprili 1972 hatahitaji kuelezwa kwa nini mtaa huo una uzito. Asali Chungu (1977) na Dunia Mti Mkavu (1980) za Said Ahmed Mohamed, pamoja na Kiu (1972) na Nyota ya Rehema (1976) za Mohamed Suleiman Mohamed, zote zinapima umbali baina ya wenye nacho na wasio nacho katika jamii ambayo umbali huo ulikuwa pia umbali wa mtaa na mtaa. Hata Muhammed Said Abdulla, aliyemzua mpelelezi Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), alitufundisha kwamba mji husomwa kwa kuchunguza vitu vidogo ambavyo wengine wamevipita.

Kabla ya hao wote alikuwapo Siti binti Saad, aliyetoka Fumba akaja mjini mwanzoni mwa karne ya 20, akakaa Ng'ambo, na mwaka 1928 akarekodi nyimbo zake Bombay kwa Kiswahili. Shaaban Robert alimwandikia wasifu, na kwa hivyo mmoja wa waandishi wetu wakubwa alikwisha kutuonyesha kwamba mwimbaji wa Ng'ambo ni somo la fasihi. Vuga palikuwa na jengo la mahakama, lililosanifiwa na J. H. Sinclair, na mtalii huonyeshwa kuba zake. Lakini hukumu za mahakama za wakoloni zilipitiwa upya usiku huko Ng'ambo, kwa udi na fidla, na wimbo kuhusu Kijiti ni ushahidi wa hukumu moja iliyokataliwa na wasikilizaji. Anayeonyeshwa kuba bila ya kusikia habari za wimbo amesikia upande mmoja wa kesi.

Pingamizi

Dai hili lina wapinzani, na hoja zao si za kupuuzwa.

Pingamizi la kwanza ni la kitaaluma. Husemwa kwamba riwaya ni ubunifu, na kwamba kumshika mkono msomaji na kumwambia "hapa ndipo" ni kuishusha sanaa iwe hati ya mji. Tahadhari hii ni ya haki. Hata hivyo, tuangalie Dublin. James Joyce alichapisha Ulysses mwaka 1922, na tangu mwaka 1954 wasomaji huifuata njia ya mhusika wake kila tarehe 16 Juni. Nyumba namba 7 ya Eccles Street, alimokaa mhusika huyo, ilibomolewa, lakini mlango wake umehifadhiwa katika Kituo cha James Joyce. Huo ni mlango wa kawaida usio na nakshi, wa nyumba ya mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa. Wasomaji wake wanajua vizuri kwamba Bloom ni wa kubuniwa. Wanachokiheshimu ni uhusiano baina ya mji na maneno yaliyouandika. Sisi tuna mji maarufu kwa milango, na hatuna hata mlango mmoja tunaomwonyesha mgeni kwa sababu ya riwaya ya Kiswahili.

Pingamizi la pili ni la kiuchumi: mtalii hajui Kiswahili, na anayelipa ndiye achaguaye lugha. Jibu ni kwamba mtalii wa nje si mgeni pekee. Wapo wanafunzi wa sekondari wanaosoma riwaya hizi kwa mitihani, wapo walimu wa Kenya na Tanzania Bara, wapo Wazanzibari waliokulia Ghuba na Ulaya wanaorudi kuutafuta mji wa wazazi wao, na wapo wageni wanaokuja kujifunza Kiswahili, kazi ambayo Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, ambayo sasa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, imeifanya kwa miaka mingi. Zaidi ya hayo, masimulizi ya kigeni huwa bora yakitafsiriwa kutoka katika masimulizi kamili ya Kiswahili kuliko yakikusanywa ovyo kutoka katika vitabu vya safari.

Pingamizi la tatu ndilo zito. Baina ya Mji Mkongwe na Ng'ambo pana historia ya rangi, tabaka na utumwa, na pana Mapinduzi ya Januari 1964 pamoja na damu iliyomwagika. Wapo wanaoona heri tusiwapitishe wageni hapo tukatonesha vidonda. Naiheshimu hofu hii, lakini naona inaelekea upande usiofaa. Historia hiyo husimuliwa kila siku; husimuliwa kwa sentensi mbili, mbele ya watu wenye haraka, na kila msimulizi huivutia kwake. Riwaya hufanya kinyume chake. Humpa Yasmin sauti na humpa Mwajuma sauti, na hazimruhusu msomaji amchukie mtu kabla ya kumjua. Ikiwa kuna njia ya kulizungumza jambo zito kwa uadilifu, basi waandishi wetu walikwisha kuionyesha, na baadhi yao waliilipia kwa kufungwa.

Liko pia pingamizi la wakazi, ambalo mara nyingi halisemwi kwa kuwa wao hawaulizwi. Ng'ambo ni mitaa ya watu wanaopika, wanaoanika nguo na wanaougua. Msururu wa wageni wenye kamera ni adha. Kwa hiyo matembezi ninayoyatetea ni ya makundi madogo, yanayopita njia kuu, yasiyosimama mbele ya nyumba ya mtu bila ya kupiga hodi na kuitikiwa, na ambayo sehemu ya mapato yake hubaki mtaani.

Mapendekezo

Kwanza, idara za Kiswahili zikubali kwamba njia ya matembezi ni matini, na zitoe mada za utafiti wa uzamili juu yake. Kukusanya majina ya mitaa ya mji mzima, pamoja na visa vyote vinavyosimuliwa juu ya kila jina, ni kazi ya haraka kwa kuwa wazee wanaovijua hawatungoji. Mradi wa Ng'ambo Tuitakayo, wa wapanga miji, uliorodhesha turathi za Ng'ambo katika muongo wa 2010. Ni aibu kidogo kwamba wapanga miji walitutangulia.

Pili, njia yenyewe ipangwe. Mapendekezo yangu ni ianze Malindi kwa Kuli, iingie Mkunazini kwa habari za watumwa na za usanifishaji wa lugha, ipite Kajificheni na Sokomuhogo kwa majina, ivuke Darajani kwa Vuta N'kuvute, ifike Kisiwandui kwa Haini, ipumzike Kisimamajongoo kwa Siti, na imalizikie Michenzani, chini ya majengo marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi, ambako suala la mji mpya na ahadi zake litaachiwa wasikilizaji wenyewe. Bila ya vituo, mwendo huo hauzidi saa moja kwa miguu. Gurnah atakuwa na nafasi yake humo, kwa Peponi na kwa kazi zake nyingine, akiwa miongoni mwa wenziwe badala ya kusimama peke yake.

Tatu, waongozaji washirikishwe tangu mwanzo. Si sawa kuwaita siku ya mwisho tukawakabidhi kijitabu. Wao wanajua maswali ya wageni, wanajua kona ambapo sauti husikika na ambapo pikipiki huimeza, na wengi wao ni wasimulizi hodari kuliko sisi. Mafunzo na mitihani yao iwe na somo la fasihi ya Kiswahili ya Zanzibar, na vyuo vikuu vitoe walimu wa kulifundisha.

Nne, penye kituo pasomwe. Ukurasa mmoja wa riwaya, kwa ridhaa ya wenye haki, ukisomwa kwa matamshi ya Kiunguja, utamfunza mgeni mengi kuliko maelezo ya nusu saa. Asiyejua lugha atasikia mahadhi yake, kisha apewe tafsiri mkononi.

Hitimisho

Makala haya hayakusudii kuwapokonya wahifadhi wa majengo kazi yao. Jumba la Ajabu likikarabatiwa sote tutafurahi. Ila tukumbuke kwamba maneno nayo huporomoka, na yakiporomoka hakuna kishindo. Jina la mtaa hubadilishwa kwa kibao, kisa hufa na bibi aliyekijua, riwaya huishiwa nakala maktabani na haichapishwi tena. Hasara hizo haziingizwi katika orodha yoyote ya urithi ulio hatarini.

Ng'ambo, tulisema, ni neno ambalo maana yake hutegemea mahali aliposimama msemaji. Kwa miaka mingi waliomwonyesha mgeni mji huu wamesimama upande mmoja, na sisi tuliosoma vitabu vya upande wa pili tumekaa kimya madarasani. Wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada wana barabara moja tu ya kuvuka.